Msimsifu Thuram kwa Mabao

Wapo miongoni mwetu, watunzi na wapenzi wa tungo, waaminio kuwa mpira si jambo la kalamu. Hao leo siwasemi. Ninaowasema ni wale waliokwisha kuufungulia mpira mlango wa ushairi, kisha wakasimama mlangoni wakamruhusu mfungaji peke yake aingie. Soma tungo zetu za mpira, na sikiliza maghani ya vijana baada ya mechi: zote ni za mshambuliaji. Yeye ndiye simba, ndiye radi, ndiye mkuki. Mlinzi akitajwa, hutajwa kwa kuwa alipitwa.

Nasema kuwa huko ni kusifu kwa mazoea, na mazoea hayo yana madhara makubwa kuliko tunavyodhani. Nitamtaja mtu mmoja tu awe hoja yangu.

Lilian Thuram alizaliwa Pointe-à-Pitre, Guadeloupe, tarehe 1 Januari 1972. Ni mtu wa kisiwani kama sisi, na kwao kulijengwa kwa miwa na jasho la watumwa, kama kwetu kulivyojengwa kwa mikarafuu na jasho lile lile. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1794, ukarudishwa na Napoléon mwaka 1802 kwa mtutu wa bunduki, ukafutwa tena mwaka 1848. Wala habari hizi haziko mbali nasi: mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa katika bahari hii yetu ya Hindi.

Mama yake alitangulia Ufaransa kutafuta kazi, na watoto wakamfuata mwaka 1981. Huko shuleni wenziwe walimwita kwa jina la ng'ombe mweusi wa katuni ya televisheni. Amelisimulia hilo mwenyewe mara nyingi, na kusema kuwa ni Ufaransa alikojifunza kwamba yeye ni "mweusi". Kisiwani alikuwa mtoto tu.

Alianza Monaco mwaka 1991, chini ya Arsène Wenger. Mwaka 1996 akaenda Parma, ambako yeye na Cannavaro walimlindia lango kijana Buffon, wakatwaa Kombe la UEFA mwaka 1999. Mwaka 2001 akahamia Juventus, na mwaka 2006 Barcelona. Timu ya taifa aliichezea mara 142, idadi ambayo hakuna Mfaransa mwanamume aliyeipita mpaka mlinda mlango Hugo Lloris alipoipita mwaka 2022. Alibeba Kombe la Dunia mwaka 1998 na Kombe la Ulaya mwaka 2000. Mwaka 2006, akiwa na miaka 34, alicheza tena fainali ya dunia, Ufaransa ikashindwa na Italia kwa penalti.

Sasa muulize yeyote barazani: Thuram ni nani? Atakwambia: ni yule beki aliyefunga mabao mawili. Naam, alifunga. Ilikuwa tarehe 8 Julai 1998, nusu fainali dhidi ya Croatia, na hayo mawili ndiyo mabao yake yote katika mechi 142. Basi mechi 141 nyingine zilikuwa za nini? Za kupasha mwili moto?

Tena hata mabao yenyewe mnayasifu bila kuyaelewa. Bao la Croatia lilipatikana kwa sababu Thuram alichelewa kupanda na mstari wa wenziwe, Šuker akawa hakuotea. Dakika moja baadaye Thuram alimpokonya Boban mpira karibu na lango la Croatia, akapasiana na Djorkaeff, akasawazisha. Kumpokonya mtu mpira ni kazi ya mlinzi. Bao lile lilikuwa ni mlinzi anayeziba tundu alilolitoboa mwenyewe, akalizibia upande wa pili wa uwanja.

Tazameni na tarehe 17 Agosti 1994. Usiku ule vijana wawili waliichezea Ufaransa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Jamhuri ya Czech. Mmoja, Zidane, alifunga mabao mawili, na dunia ikamjua asubuhi yake. Wa pili alikuwa Thuram. Simnung'unikii Zidane haki yake. Lakini katika Kombe la Dunia la 1998 Ufaransa ilicheza mechi saba ikafungwa mabao mawili tu, na moja la hayo lilikuwa la penalti. Hilo nalo lilikuwa na wenyewe waliolitenda.

Atajibu mtu: shairi linataka tukio, bao ni tukio, na bao lisilofungwa halighaniki. Hoja hii inasikika kuwa na akili, lakini haimfai Mswahili. Ushairi wetu umeishi kwa kutia maneno katika yasiyoonekana: subira ya anayengoja chombo kisichorudi, siri iliyotunzwa hata kaburini. Nahodha aliyelifikisha jahazi bandarini katika kusi kali, hatukupata kumwambia kuwa hana la kusifiwa kwa kuwa halikuzama. Kwa nini tumwambie hivyo mlinzi?

Mimi ni mfasiri, na kazi za jinsi hii nazijua. Tafsiri ikiwa njema, msomaji humsifu mtunzi. Ikiharibika ndipo anapouliza jina la mfasiri. Ndivyo ilivyo kwa mkunga, kwa fundi wa kuta za bahari, kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Umma unaowasifu wafungaji pekee hujikuta siku moja hauna wa kulinda, kwa sababu watoto wanajifunza kwa kusikia ni nani anayeimbwa.

Nageukia sasa kundi la pili, lile linalosema mchezaji acheze na anyamaze. Baada ya bao lake la pili Thuram alipiga magoti, akaweka kidole mdomoni kama mtu aliyezama katika fikra. Picha ile waliipenda sana, kwani ndani yake alikuwa kimya. Aliposema, mapenzi yakapungua. Mwaka 2005, Sarkozy, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliwaita baadhi ya vijana wa vitongoji kwa neno lenye maana ya takataka ya watu, na Thuram akamkabili hadharani, akisema kuwa yeye naye amekulia vitongojini. Mwaka 2006 Le Pen alilalamika kuwa wachezaji weusi wamezidi katika timu. Thuram akajibu kuwa mzee huyo yaelekea hajui kwamba wapo Wafaransa weusi, weupe na wa kahawia. Mwaka huo huo yeye na Vieira waliwaalika uwanjani makumi ya watu waliofukuzwa katika jengo walimokuwa wakiishi huko Cachan.

Wakamwambia: hiyo si kazi yako. Nami nauliza, ni kazi ya nani basi? Mlinzi hufunzwa kuiona hatari kabla haijafika, kusimama kati ya mpigaji na anayepigwa, na kuwaita wenziwe kwa sauti wakae sawa. Beki bubu huifungisha timu yake. Aliyoyatenda Thuram nje ya uwanja ni mwendelezo wa yale ya ndani. Mwaka 2008 madaktari walimkuta na kasoro ya moyo, akastaafu, na mwaka ule ule akaanzisha taasisi ya kuwafunza watoto dhidi ya ubaguzi. Mwaka 2010 alitoa kitabu cha maisha ya watu weusi mashuhuri, akiwaandikia watoto ambao, kama yeye, shuleni walisomeshwa habari za weusi kuanzia utumwani tu. Mwanawe alimpa jina Marcus kwa heshima ya Marcus Garvey. Naye, mshambuliaji wa timu ya taifa, mwaka 2024 aliwataka Wafaransa wapige kura kuzuia chama kilichotokana na Le Pen kisishike madaraka. Baba alizuia, na mtoto, ingawa ni mfungaji, amejifunza kuzuia.

Basi, enyi watunzi, kama mwataka kumwimba Thuram, yaacheni mabao yale, yamekwisha kuimbwa. Katika nusu fainali ile ile, Blanc alipotolewa kwa kadi nyekundu, Ufaransa ilibaki na watu 10, ikiongoza kwa bao moja, na Croatia ikashambulia mpaka filimbi ya mwisho. Hakuna bao lililoingia. Andikeni juu ya dakika hizo.