TULITETEA DAKIKA ZA CHOO, TUKAMSAHAU MTU



Katika kiwanda nilichofanyia kazi zamani palikuwa na mzee mmoja wa mashine aliyepewa barua ya onyo kwa sababu ya kwenda chooni mara nyingi. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wafanya kazi, nikamtetea vikali mpaka barua ikafutwa. Tulifurahi sana. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Mzee, mbona waenda mara nyingi hivi?" Vijana walicheka tu. Baada ya miezi alishikwa na maumivu ya mgongo, na hospitalini wakaona kansa ya tezi dume imekwisha ingia mifupani.

Aibu hiyo ni yangu pia, ndiyo sababu naandika.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na kila mwanamume anayo. Uzeeni huweza kuvimba bila kansa, mkojo ukawa wa taabu. Kwa hiyo anayeamka mara nyingi usiku asijihukumu kifo, aende apimwe. Lakini ajue kwamba kansa hii mara nyingi huanza kimya. Anayengoja maumivu huchelewa.

Kupimwa si jambo kubwa. Hutolewa damu kidogo mkononi kutazama kitu kiitwacho PSA. Daktari aweza pia kupima kwa kidole, jambo la muda mfupi ambalo wanaume wengi huliogopa kuliko kansa yenyewe! PSA ikiwa nyingi, hiyo si hukumu, kwa maana hupanda hata kwa uvimbe wa kawaida. Ndipo hufuata picha, na vipande vidogo vya tezi hutolewa vikachunguzwe.

Ikionekana kansa, dawa si moja. Nyingine hukua polepole sana, na daktari huiangalia tu kwa vipimo. Nyingine huondolewa kwa operesheni au huchomwa kwa miale. Ikisambaa, kuna matibabu ya kuzuia homoni ya kiume inayoilisha. Sitawaficha: matibabu haya huweza kuleta shida ya mkojo au kupunguza nguvu za kiume. Basi mtu amwulize daktari yote mapema, tena akiwa na mkewe. Mzee Nelson Mandela aligunduliwa kansa hii mwaka 2001, akatibiwa kwa miale, akaishi mpaka 2013, akiwa na miaka 95.

Mwanamume aliyefika miaka 50 azungumze na daktari. Kwa sisi Waafrika weusi, na kwa yule ambaye baba au ndugu yake aliugua, afadhali aanze akiwa na 45.

Sasa neno langu kwa Chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Hizo ni za mtu aliyekwisha ugua. Je, aliye mzima atapimwa lini, ikiwa siku ya kupimwa ni siku ya kukatwa mshahara? Katika Mapatano yajayo tudai siku moja kila mwaka ya kupimwa afya, yenye mshahara, kwa wanaume na kwa akina mama pia.

Wengine watasema kazi ya Chama ni mishahara. Nawauliza: mshahara wa marehemu hupandishwa na nani?

Umoja ni nguvu.

Mwakilishi wa Zamani