Komisionere wa Goma: anajua nyumba, ao anajua avenyu?

Katika muji wa Goma, mtu anayetafuta nyumba ya kupanga haanzi kwenye ofisi yenye kibao mlangoni. Anaanza na namba ya simu. Mtu wa kanisani ndiye anaimpa, ao mtu wa kazini, na upande wa pili komisionere anaitika. Kisha picha zinaingia kwenye WhatsApp: sebule, vyumba viwili, jikoni, bei kwa dola. Picha ni nzuri. Kitu ambacho haionyeshi ni avenyu.

Zamani hilo lilikuwa jambo la usumbufu tu. Leo limekuwa zito. Tangu mwisho wa Januari 2025, wakati M23 ilichukua muji, wenye nyumba wengi walitoka. Nyumba zao zilibaki mikononi mwa ndugu, jirani, ao zamu. Benki nazo zilifunga milango wakati huo huo, watu wakazoea kulipa garanti mkono kwa mkono, na pesa ya namna hiyo ikienda vibaya hakuna karatasi ya benki ya kuonyesha. Komisionere amekuwa mara nyingi shahidi pekee kwamba yule anayepokea pesa ana haki ya kuipokea. Ndiyo maana tunasema: chagua kwanza mtu, halafu nyumba.

Lakini mtu gani? Wengi wanamtafuta komisionere mwenye nyumba nyingi kwenye simu. Hapo njo wanakosea. Nyumba nyingi maana yake ni kwamba anazipata kwa wengine. Yule wa Himbi anamwita mwenzake wa Katindo, wa Katindo anamwita kijana wa Ndosho, na kijana wa Ndosho njo mwenye ufunguo. Komisio, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi moja, wataigawana wote, na wakati mwingine kila mmoja anaomba kwanza pesa ya kutembea. Huyo uliyempigia wa kwanza hajawahi hata kulala siku moja kwenye kartiye ile. Ujuzi wote uko kwa yule wa mwisho wa mnyororo, na njo yeye ambaye hawakupi namba yake. Omba kuongea naye mapema, tena mbele ya nyumba, si kwenye simu.

Ujuzi gani? Tuanze na ardhi yenyewe, sababu Goma haikujengwa juu ya ardhi ya kawaida.

Upande wa magharibi, karibu na ziwa, kuelekea Kyeshero, Lac Vert na Bulengo, kuko mahali ambapo gesi inatoka chini. Ni mazuku. Ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na inakusanyika kwenye mabonde na mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Mtoto yuko katika hatari kubwa kuliko mtu mzima, sababu kichwa chake kiko karibu na chini. Mtu akijenga ukuta na kujaza mawe kidogo, shimo halionekani tena. Gesi yenyewe haijaenda mahali. Mgeni hawezi kujua hilo kwa macho. Mtu aliyekomalia pale anajua: atakuambia ni kona gani watoto wanakatazwa, ni parseli gani kuku zinakufa bila ugonjwa. Nyumba ya bei ya chini katika bonde la upande ule, yenye vyumba vilivyoshuka chini ya barabara, uliza mara mbili.

Upande wa mashariki na kaskazini, jambo ni volkano. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na siku chache baadaye serkali ikaamuru watu wa kartiye kumi waondoke: Majengo, Mabanga Kaskazini na Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans. Hatusemi usikae huko. Maelfu wanakaa, na muji haungekuwa muji bila wao. Lakini uliza komisionere: mwaka 2021 watu wa avenyu hii walitokea wapi, na ukuta huu ulipasuka wakati ule ao ni rangi tu imetoka? Matetemeko ya siku zile yalifungua nyufa mpaka ndani ya nyumba, na rangi mpya inaficha vitu vingi. Kama hajui kabisa, yeye hakuwa hapo.

Kwa anayenunua, lava inaleta taabu nyingine. Alama za mipaka zilifunikwa na mawe. Watu walirudi, wakapima kwa kukumbuka, na kumbukumbu za majirani wawili hazifanani. Ongeza kwamba mpaka kati ya muji wa Goma na teritware ya Nyiragongo hauonekani barabarani kama mstari: unavuka barabara moja na karatasi zinabadilika. Huku unasikia shefu wa kartiye, kule unasikia machifu wa Bukumu. Komisionere wa kweli wa sehemu zile anajua ni mlango gani wa kubisha. Yule mwingine atakuambia «karatasi zote ziko», na hapo umwombe azitaje moja moja.

Sababu katika sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ni mali ya serkali, na haki ya kuitumia inathibitishwa na cheti kimoja tu kinachotolewa na konservatere, kile ambacho wote tunaita sertifika. Fishi ya parseli, karatasi ya mauzo yenye saini za mashahidi, barua ya shefu: zote zinasaidia kuonyesha historia, lakini hazichukui nafasi yake. Na kama mwenye parseli alikufa, uliza watoto wako wapi. Sheria ya familia ya 1987 inaweka watoto wa marehemu katika fungu la kwanza la warizi; baba mdogo anayeuza peke yake, hata akiwa na ufunguo na maneno matamu, anauza matatizo. Kijana wa avenyu anajua jina la marehemu, anajua mjane anakaa wapi. Hiyo habari haipatikani kwa konservatere.

Maji na umeme tutapita haraka, sababu kila mtu wa Goma ana ya kusema. Uliza tu hivi: «Hapa maji inatokaka siku gani?» Anayejibu «maji iko» hajakujibu. Anayejibu «Jumanne na Ijumaa usiku, kama haiko, tunachota bidoni kule chini» amekujibu. Umeme ni hivyo hivyo: avenyu moja iko na SNEL, ingine Virunga Energies, na Ndosho kuko Nuru ya jua. Uliza pia choo kinatumiwa na familia ngapi; kwenye mwamba, kuchimba kingine si kazi ya siku moja.

Sasa, kuko ugumu ambao haufai kufichwa. Yule anayejua avenyu vizuri njo pia anayejuana na mwenye nyumba, na halipwi kama hukuchukua nyumba. Anajua ubaya, lakini ubaya unamnyima komisio. Kumwuliza «nyumba hii iko na shida?» haisaidii kitu. Jaribu swali lingine: «Kwenye avenyu hii, ni nyumba gani ambayo huwezi kumwekea dada yako, na sababu gani?» Juu ya nyumba isiyokuwa yake atasema bila woga, na katika maneno yake utasikia ugonjwa wa kartiye nzima: gesi, wezi, ugomvi wa warizi, kambi ya askari iliyo karibu. Halafu rudi peke yako saa ya jioni. Mama anayeuza makala pale kona haombi komisio. Wamama kwenye bomba hata zaidi.

Kabla ya kutoa hata frangi moja, mwambie komisionere mwende pamoja kwa shefu wa avenyu ao wa nyumba kumi, na mwenye nyumba awe hapo, ao angalau kwenye simu ya video, huku jirani akimtambua. Mwenye nyumba aliye mbali si mwizi kwa sababu yuko mbali. Wengi ni watu waaminifu ambao nao wanaogopa kuibiwa. Lakini komisionere anayekataa kupita mbele ya shefu, ao anayetaka mwone nyumba usiku tu, umekwisha kumjua.

Kwenye garanti, watu wanaombwa miezi sita na wanalipa wakinyamaza. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipite miezi tatu. Kusema kweli, mpangaji mwenye haraka hana nguvu ya kubishana sheria barabarani. Hata hivyo itaje, kwa sauti ya heshima, mbele ya shefu. Bei mara nyingine inashuka. Na karatasi ya garanti iandike jina la mwenye nyumba, si la komisionere, na iandike pia kila dirisha lililovunjika siku unaingia.

Komisio yenyewe, ushauri wetu ni kuigawa: nusu siku ya ufunguo, nusu mwezi wa kwanza ukiisha. Komisionere anayekaa kwenye avenyu ile anaweza kukubali, juu kila asubuhi mtapishana. Anayekataa, mwulize kwa upole yeye mwenyewe anakaa kartiye gani.