Uchambuzi: Rwenzori yainuka, Nyamwamba yabomoa

Msimu wa mvua unapokaribia, wakazi wa Rukoki, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, huutazama Mto Nyamwamba kwa wasiwasi. Mei 2013 mto huo ulibomoa nyumba na madaraja na kuiharibu Hospitali ya Kilembe. Mei 2020 maafa yalijirudia, na safari hiyo mito mingine ya Rwenzori nayo ilifurika, ukiwemo Lhubiriha unaopita Bwera.

Mjadala umejikita katika kingo na uondoaji wa mawe mtoni. Hata hivyo, chanzo cha hatari hiyo ni cha kale zaidi.

Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, si volkano kama Kilimanjaro. Ni pande kubwa la mwamba lililosukumwa juu pale Bonde la Ufa linapotanuka kwa milimita chache kila mwaka. Kazi hiyo haijakoma: tetemeko la Machi 1966 katika eneo la Toro liliua zaidi ya watu 100, na jingine lilitokea Februari 1994.

Kinachoinuliwa na ardhi hushushwa na maji. Barafu za kale zilichonga mabonde ya juu na kuacha marundo ya mawe. Mvua kubwa huporomosha miteremko, na mto huyabeba mawe hayo hadi tambarare. Mwezini hakuna mvua wala mito, ndiyo maana mashimo yaliyochimbwa na vimondo hudumu mabilioni ya miaka. Kasese, sura ya nchi yaweza kubadilika usiku mmoja.

Binadamu naye ameongeza uzito. Uchimbaji wa shaba Kilembe, uliostawi kuanzia 1956 hadi miaka ya 1980, uliacha mabaki yenye madini kando ya mto, na mafuriko huyasambaza kuelekea mashamba ya chini.

Kuondoa mawe husaidia kwa muda tu, kwani mlima utaleta mengine. Kuhamia kwingine nako si rahisi: wakazi wamebanwa kati ya miteremko na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kwa hiyo swali kuu linalowakabili viongozi ni la ardhi: nani ataishi wapi, na nani atagharamia kuuachia mto nafasi yake.