Bi harusi muuguzi alale mchana

"Mke gani huyu, analala mpaka adhuhuri!" Anayesemwa ni muuguzi, katoka kazini asubuhi baada ya kukesha na wagonjwa usiku kucha. Sisi tunaona anaonewa.

Mwili unafuata mwanga. Jua likimpiga njiani akirudi, ubongo unajua kumekucha, homoni ya usingizi inapungua, na hata akilala ni mang'amung'amu tu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Yeye akipata saa 4 ashukuru, maana uani kinu kinatwangwa na wageni wanapiga hodi. Usiku anarudi tena kupima dawa ya mtoto wa mtu.

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ametaja usingizi wa usiku na wa mchana kuwa ni katika ishara Zake. Basi uvivu unatoka wapi?

Mabibi harusi wauguzi, semeni kabla ya nikaha. Mume aione ratiba ya zamu, na yeye ndiye amweleze mamake. Chumbani pazia zito, simu izimwe. Adhuhuri aamshwe aswali, arudi kulala. Chakula cha mchana siku hizo apike mume, au kinunuliwe.