Lakabu Haziwekwi Katika Mizani

 

Ndugu Waislamu, limeenea katika jamii yetu, pwani na bara, jambo ambalo wengi wamelizoea hata hawalioni tena kuwa ni munkari. Nalo ni kumpima mtu kwa jina analoitwa kabla ya kumpima kwa analolitenda. Huyu ni Sharifu, basi mkono wake hubusiwa. Huyu ni Alhaji, basi hutengewa mahali pa mbele katika kila walima. Huyu ni Sheikh mwana wa Sheikh, basi uimamu ni wake wa kurithi kama shamba la minazi. Na yule mwingine, ambaye babu wa babu yake alikuwa mtumwa wa watu, hata akihifadhi juzuu zote thelathini, akija kuposa huambiwa kwa upole kwamba binti bado anasoma. Mwezi wa pili binti huyo huolewa na mtu ambaye hata sala ya Alfajiri haijui, ila jina la ukoo wake linajulikana.

Hatusemi kuwa kumheshimu mwanachuoni ni kosa, wala kuwapenda watu wa nyumba ya Mtume (S.A.W.) ni kosa. Hayo ni katika dini. Tunalolipinga ni kuifanya heshima hiyo kuwa badali ya amali, na kumdhalilisha kwayo Muislamu mwingine.

Nani tumjuaye mwenye nasaba kuliko Abu Lahab? Ni Mkureshi, ni Hashimi, ni ami yake Mtume (S.A.W.) khasa. Hakumiliki katika nasaba hiyo ila sura nzima ya Qur'ani iliyoteremka kumlaani, nayo husomwa na watoto wetu wadogo chuoni mpaka leo. Mtoto wa Nuhu (A.S.) alizama na baba yake akiwa ndani ya jahazi anatazama. Alipomuombea kwa Mola wake akijibiwa kuwa huyo si katika watu wake, sababu iliyotajwa ilikuwa ni amali mbaya, wala haikutajwa damu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alimwambia wazi binti yake Fatima (R.A.) aombe katika mali yake atakacho, ama mbele ya Allah hatamfaa kitu. Ikiwa Fatima ameambiwa hivyo, anayejitapa leo kwa shajara ya nasaba iliyotundikwa ukutani amepewa ahadi gani sisi tusiyoijua?

Mwaka wa 8 Hijria, mwanamke wa Bani Makhzum, kabila tukufu la Makka, aliiba. Makureshi wakaona aibu, wakamtuma Usama bin Zayd (R.A.) amuombee. Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akawahutubia watu, akaeleza kuwa kilichowaangamiza waliotangulia ni kumwacha mwizi mtukufu na kumuadhibu mwizi mnyonge. Sasa itazame misikiti yetu. Mwalimu masikini akichelewa kurejesha elfu mbili za mkeka, hutangazwa baada ya sala ya Ijumaa. Mtukufu wa mtaa akila kodi ya nyumba ya wakfu miaka mitano, husemwa ana dharura, tumsitiri.

Na hii lakabu ya Alhaji ni ajabu peke yake. Masahaba kwa maelfu walihiji pamoja na Mtume (S.A.W.) mwaka wa 10 Hijria, wala hatukusoma popote kuwa mmoja wao aliitwa Alhaji Abubakar au Alhaji Umar. Leo mtu hurudi kutoka Makka, akakasirika asipoitwa kwa hija yake, na dukani kwake mizani ni ile ile iliyokuwa ikipunja kabla hajaondoka. Anaijua Suratul Mutaffifin kwa moyo!

Turudi kwenye ndoa, maana huko ndiko kwenye machozi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Kenya mwaka 1907. Waliokuwa watumwa wamekufa, na mabwana wao wamekufa. Lakini posa inapofika, wazee hukaa wakachambua mifupa ya makaburini. Watu hawa wangefanya nini lau wangelikuwa Madina? Abu Hudhayfa (R.A.), mtu wa daraja katika Makureshi, alimuoza Salim, mtumwa aliyeachwa huru, binti wa ndugu yake. Salim huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwasalisha Muhajirina wa mwanzo Quba kabla Mtume (S.A.W.) hajafika, na nyuma yake wakisimama watu wa makabila makubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyewazidi kwa Qur'ani. Naye Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alikuwa na wachumba wawili wa Kikureshi, Muawiya na Abu Jahm. Mtume (S.A.W.) akamshauri aolewe na Usama, mwana wa Zayd aliyewahi kuwa mtumwa. Mwanzo hakumpenda, kisha akakubali, na mwenyewe amesimulia kheri aliyoipata.

Watauliza baadhi ya masheikh: je, madhehebu ya Imamu Shafii hayakuitaja nasaba katika kafaa? Yameitaja, wala hatufichi. Lakini wanaoisoma sehemu hiyo huifunga kitabu mapema. Kafaa kwa wanachuoni hao ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wanaweza kuiacha. Si sharti la kusihi ndoa. Imamu Malik naye ameitazama kafaa katika dini. Basi anayemrudisha kijana mwema kwa ajili ya babu yake asiseme kuwa sharia imemlazimisha. Kilichomlazimisha ni ujahili wa kale uliovishwa kanzu.

Na upo mfano wa karibu, Lamu. Sayyid Saleh bin Alawi Jamalullail, aitwaye Habib Saleh, aliyefariki 1935, alikuwa sharifu kwa nasaba. Katika zama zake waungwana wa mji walichukia elimu ya dini kuwafikia watumwa na wanyonge. Yeye akakaa nao akawasomesha, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Riyadha. Sisi tunahitilafiana naye katika mambo ya maulidi, na hilo halifichiki kwa msomaji wa kijarida hiki. Lakini insafu ni wajibu: alikuwa na nasaba, akaitumia kuwainua watu. Wengi wanaojinasibisha naye leo wameichukua dufu na kuliacha hilo.

Wala wasifurahi wenzetu tunaosali nao safu moja, wakadhani maneno haya ni ya kuwapiga wengine. Wapo miongoni mwetu walioigeuza "mtu wa Sunna" kuwa ni lakabu kama Sharifu na Alhaji. Suruali imepanda juu ya fundo la mguu, ndevu zimefugwa, na mtumishi wa nyumbani hajalipwa miezi mitatu. Amethibitisha Mtume (S.A.W.) kuwa katika watu wa mwanzo kuhukumiwa ni mwanachuoni aliyesoma ili asemwe kuwa ni mwanachuoni. Hataambiwa kuwa elimu yake ilikuwa ya uongo. Ataambiwa kuwa lile alilolitaka lilikwisha kusemwa duniani, kisha ataburutwa kifudifudi hadi Motoni.

Basi mzazi anayeletewa posa, aende kwa imamu wa msikiti wa kijana huyo aulize habari ya sala yake. Aende kwa anayemfanyia kazi aulize amana yake, na kwa wanaomdai aulize ahadi zake. Akiwasikia hao watatu wakimsifu, aweke tarehe ya nikahi, na wazee wa ukoo wapelekewe habari pamoja na mwaliko.