MASHAURI YA NYUMBANI: Kekee ya Umeme Huchaguliwa kwa Ukuta

Tangu zamani mafundi wa pwani walitoboa mbao kwa kekee ya mkono: chuma chembamba kilichotiwa katika mti uitwao msukano, nao ukazungushwa kwa uta, mbele na nyuma, mpaka tundu likatokea. Mwaka 1895 kiwanda cha Fein cha Stuttgart, Ujerumani, kilitengeneza kekee ya umeme ya kushikwa mikononi. Kisha mwaka 1917 Black & Decker wa Marekani wakapata hati ya kekee yenye mpini kama wa bastola na kitufe cha kuvutwa kwa kidole. Umbo hilo ndilo lililoenea duniani, na kwa sababu hiyo kekee zote dukani hufanana. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea.

Chukua mfano wa karani aliyehamia nyumba ya zege, naye ataka kutundika rafu za vitabu. Huona kekee ndogo ya bei nafuu, ikamvutia kwa rangi yake. Akifika nyumbani huisukuma ukutani kwa nguvu zake zote. Ncha hugeuka rangi kwa moto, ukuta haukutoboka ila kidogo, na mwishowe moshi hutoka ndani ya chombo. Fedha za mwezi mzima zimekwenda, na rafu bado ziko sakafuni. Chombo hakikuwa kibovu, bali kilifanywa kwa ajili ya mbao.

Basi swali la kwanza si bei, ila ni ukuta. Mkulima ambaye nyumba yake ni ya mbao, na kazi yake ni kutengeneza milango, mizinga ya nyuki na mabanda ya kuku, yamtosha kekee ya kuzunguka tu. Mwenye nyumba ya matofali au ya mawe yasiyo magumu sana ataka kekee yenye kugonga. Ndani yake mna visahani viwili vyenye meno. Vikipandana, ncha huzunguka huku ikipigapiga. Lakini mapigo hayo ni mepesi, na nguvu yake hutegemea mkono wa mtu anayeisukuma. Kwa zege gumu, au kwa matundu mengi, yafaa kekee ya nyundo. Hiyo ina pistoni ibanayo hewa na kuipiga ncha kwa kishindo, wala haihitaji kusukumwa sana. Ncha zake zina mifereji shinani na huitwa SDS, nazo haziingii katika mdomo wa kekee ya kawaida. Kila mlango na ufunguo wake.

Swali la pili ni umeme. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Kekee iliyofanywa kwa nyumba za Marekani ni ya volti 120, nayo ikitiwa moja kwa moja katika plagi ya Kenya huungua mara moja. Kwa hiyo anayenunua chombo kilichokwisha tumika, au aliyeletewa zawadi na ndugu yake kutoka ng'ambo, hana budi kusoma kibandiko kabla ya kukiwasha.

Mkulima asiye na umeme wa waya anaweza kupata kekee ya betri. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 huchukua wati-saa 72. Mtambo mdogo wa jua wa kuwashia taa tatu hauwezi kuijaza. Wahitajika mtambo mkubwa zaidi, pamoja na kifaa cha kugeuza umeme ufae chaja yake. Tena maandishi ya "volti 20" yasimdanganye mtu. Mara nyingi ni betri ile ile ya volti 18, iliyopimwa mara tu baada ya kujazwa. Jambo kubwa ni kuuliza kama betri nyingine ya namna hiyo yapatikana mjini, kwa maana betri huchakaa kabla ya kekee yenyewe.

Mnunuzi asione haya kuomba chombo kiwashwe mbele yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na atazame kama kitufe chaongeza mwendo polepole, maana tundu pana na chuma hutaka mwendo mdogo. Atazame pia kama ncha yazunguka bila kuyumba, na kama yaweza kuzungushwa kinyume ili kufungua skurubu. Mdomo wa milimita 13 hupokea ncha nene kuliko ule wa milimita 10. Kama kekee inatumia kaboni, aulize kama kaboni za akiba zipo.

Mwisho, mnunuzi asisahau mwili wake. Ncha ikikwama ukutani, chombo chenyewe hugeuka ghafla na chaweza kuvunja kifundo cha mkono. Ndiyo maana kekee kubwa ina mpini wa pili, nao usiachwe sandukuni. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Glavu na mikono mirefu ya kanzu haifai, kwa kuwa hunaswa na kuzungushwa. Wala mtu asitoboe juu, chini au kando ya swichi na plagi, kwa sababu nyaya hupita humo ndani ya ukuta.

Na mtu mwenye matundu manne tu ya kutoboa kwa mwaka afanyeje? Huyo afadhali amwite fundi, au aazime kwa jirani na kurudisha chombo kikiwa safi. Fedha iliyobaki italipa karo au itanunua mbegu, na rafu zitasimama vile vile.