Isikizya: Ofisi zikihama, familia nazo?

Isikizya, kaskazini mwa mji wa Tabora, ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Uyui. Kusogeza ofisi kwa wananchi si jambo la Uyui pekee: mwaka 2019 Serikali iliziagiza halmashauri zenye ofisi nje ya maeneo yao zihamie huko. Lengo ni jema, mwanakijiji asilipe nauli hadi mjini kufuata huduma.

Swali letu ni hili: nauli hiyo sasa anailipa nani? Mtumishi ambaye watoto wake wanasoma Tabora mjini huwaacha asubuhi wamelala, na hurudi giza limeingia. Kwake, kutoka na familia ni mwisho wa wiki tu: kwenda Bwawa la Igombe, au Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872.

Kwa maoni yetu, agizo huhamisha mafaili, halihamishi kaya. Nyumba za kupanga, shule nzuri, maji ya uhakika na uwanja wa watoto kuchezea ndivyo vitakavyoamua kama Isikizya itakuwa mji, au ofisi zinazofungwa kila jioni.